Samaki Wasio na Kabila

Wapo watu wanaodhani kwamba kufuga samaki wa mapambo ni anasa ya wakazi wa Karen na Muthaiga, na kwamba mtu wa Kibera au Kawangware akimtazama samaki humtazama kwa jicho la kikaango tu. Dhana hiyo haina mashiko. Katika mitaa hii miwili ya Nairobi, fundi wa vioo huunganisha vipande vitano vya kioo kwa gundi ya silikoni, akaviacha vikauke siku mbili tatu, na tangi likawa tayari kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya ile inayotozwa katika maduka ya jijini. Tangi la namna hiyo utalikuta kwa kinyozi, au katika chumba cha kungojea cha zahanati, au, kama ilivyo katika kisa kilichonisukuma kuandika makala haya, juu ya meza iliyo nyuma ya darasa.

Mwalimu wa shule moja ya msingi huko Kibera, ambaye zamani nilimfundisha isimu, aliniletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halinihusu. Darasa lake lilikuwa na samaki sita, baadhi yao wa manjano na wengine wa rangi ya chungwa, walionunuliwa kwa mchango wa wazazi. Jike mmoja wa manjano aliacha kula, koo likamvimba, na baada ya majuma matatu akatema vitoto kumi na vinane. Mwalimu alimpigia simu yule aliyemuuzia samaki, akitarajia pongezi. Alichopata ni amri: "Mwaga hao, mwalimu. Ni takataka. Wamechanganyika, hawana jina sokoni." Wanafunzi nao walipoagizwa wachore vitoto na kuandika aina yao chini ya mchoro, mmoja aliandika hivi: "Samaki hawa hawana kabila." Mwalimu alitaka nimjibu mambo mawili. Je, samaki hao waitweje? Na je, ni haki kuwamwaga?

Nianze na sentensi ya mtoto. Neno "kabila" si jepesi popote nchini Kenya, na Kibera lina uzito zaidi. Mtaa huo ulipata jina lake kutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la KAR, pamoja na jamaa zao. Lugha yao ni krioli iliyozaliwa na Kiarabu baada ya Kiarabu hicho kukutana na lugha nyingine nyingi kambini. Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982, na jina la Kibera limo katika anwani ya kitabu hicho. Wanubi, kwa sababu ya mchanganyiko wa asili zao, walionwa kwa miongo mingi kuwa wageni wasio na mahali katika orodha. Vijana wao walipoomba vitambulisho walihojiwa kuliko wenzao. Hati ya ardhi yao, ekari 288, ilikuja mwaka 2017, zaidi ya karne moja baada ya babu zao kufika pale. Mtoto aliyeandika sentensi ile huenda hakuyajua haya yote. Lakini fikira kwamba kiumbe asiye na kabila ana kasoro aliipata wapi? Hakuipata kwa samaki.

Samaki wenyewe ni wa familia ambayo wataalamu wa viumbe huiita sikilidi, na msomaji anaijua hata kama jina hilo ni geni masikioni mwake. Ngege anayekaangwa jioni kando ya barabara ni sikilidi. Sato wa Mwanza ni sikilidi, perege wa mito yetu ya mashariki ni sikilidi, na hata furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Waluo huwaita fulu, ni sikilidi. Mtu wa lugha hawezi kupita hapa bila kutua kidogo, kwa sababu majina ya samaki hawa ni miongoni mwa maneno machache ya Kiafrika yaliyozunguka dunia nzima. Andrew Smith, aliyelianzisha jina "tilapia" katika sayansi mwaka 1840, alilichota katika neno la Kitswana lenye maana ya "samaki" basi. "Mbuna" ni neno la wavuvi wa Ziwa Malawi, wanaowaita hivyo samaki wa majabalini. Leo mfugaji wa Hamburg na wa Chicago hulitamka kila siku kana kwamba lilizaliwa kwao. Samaki wa mwalimu wetu ni mbuna. Wale wa manjano, kwa maelezo yake, ni Labidochromis caeruleus, na wale wa rangi ya chungwa ni Maylandia estherae. Ziwani kwao kila mmoja humpata mwenzi wa aina yake. Katika tangi lenye samaki sita, jike humchukua dume aliyepo.

Kabla sijafika kwenye swali la haki, kuna jambo la dharura zaidi. Samaki wachanga hawangojei wanazuoni wakubaliane, wanataka kula.

Mbuna ni mzazi wa ajabu. Jike hutaga mayai, akageuka akayaokota kwa kinywa, na kuyalea humo humo kwa muda wa majuma matatu hivi, huku mwenyewe akishinda na njaa. Ndiyo sababu ya koo kuvimba. Vitoto vinapotoka vina urefu wa sentimita moja hivi, kiini cha yai kimekwisha tumboni, na vinaweza kula tangu saa ile. Jambo la kwanza ni kuvitenga na wakubwa, kwa maana mama aliyefunga majuma matatu kwa ajili yao anaweza kuwameza baada ya siku chache, na majirani zake hawangoji hata siku hizo chache. Tangi dogo la pili ndilo bora. Likikosekana, rundo la mawe yenye mianya myembamba litawaokoa baadhi. Chujio liwe la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, kwani machujio ya kufyonza huvuta na vitoto pia.

Kosa kubwa la darasani, nilimwambia mwalimu, ni huruma. Watoto arobaini wenye huruma, kila mmoja akitupa chembe moja ya chapati, wataliua tangi zima kwa siku mbili. Chakula kisicholiwa huoza, kikatoa amonia, na amonia huwachoma samaki matamvua kabla maji hayajaonekana machafu. Wapo bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana, lakini bakteria hao huchukua mwezi mmoja au zaidi kujijenga katika sponji na changarawe za tangi jipya. Kwa hiyo vitoto vilishwe mara tatu au nne kwa siku, kila mara kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili, na mlishaji awe mmoja kwa zamu. Darasa lile sasa lina kiranja wa samaki, cheo ambacho nasikia kinagombewa kuliko cha kiranja wa kengele.

Walishwe nini? Chakula cha dukani cha vipande vyembamba, kikisagwa kwa vidole hadi kiwe vumbi, kinatosha kuwa msingi. Lakini bei yake ni ya juu, na mtaani vipo vya kukisaidia. Kiini cha yai lililochemshwa, kikifinywa ndani ya kitambaa ndani ya kikombe cha maji, hutoa wingu ambalo vitoto hulishambulia kwa furaha. Tone moja moja tu, maana hakuna kinachochafua maji upesi kama yai. Omena mkavu huoshwa atokwe na mchanga na chumvi, akakaushwa tena, akatwangwa na kuchekechwa. Mchicha au spinachi iliyochemshwa ikalainika, ikakatwakatwa hadi iwe kama uji, nayo ni chakula. Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui. Mbuna wengi wana utumbo mrefu wa mla majani, kwa kuwa ziwani hukwangua mwani juu ya miamba. Mkubwa akishibishwa nyama kila siku huvimba tumbo na kufa. Mchanga huhitaji protini zaidi ya mzazi wake ili akue, lakini hata yeye asizoeshwe karamu. Na ikiwa mzazi mmoja ni mla mwani na mwingine ni mla wadudu, kama ilivyo kwa wazazi wa vitoto hivi, mtoto apewe vyote viwili kwa kiasi. Mahuluti hana kitabu chake cha mapishi.

Njia nzuri kuliko zote niliiona Kawangware, kwa mwanafunzi wa sekondari ambaye hajawahi kununua kopo la pili la chakula cha samaki. Yeye huweka mawe laini ya ukubwa wa ngumi ndani ya beseni la maji, akalipandisha juu ya paa la mabati mahali penye jua. Baada ya siku kumi au juma mbili, mawe huota utando wa kijani. Huyateremsha mawili kila siku nyingine, akayatia tangini, na samaki huyakwangua kutwa nzima, kama walivyoumbwa kufanya. Yaliyokwisha kukwanguliwa hurudi juu. Sijui kama kuna somo la sayansi lililo bora zaidi ya beseni lile, na mtaala wetu wa umilisi, unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, ungelifurahia lau walioutunga wangepanda juu ya paa hilo.

Wengine hutumia viluwiluwi vya mbu. Ni chakula chema, samaki huvipenda, na havina gharama, ila visichotwe katika mitaro ya mtaa, ambayo msomaji anajua inabeba nini. Ndoo ya maji safi iliyoachwa nje itavileta vyenyewe. Ni lazima basi vichujwe na kuliwa vyote kabla ya juma moja kwisha, la sivyo mfugaji atakuwa amewafugia majirani mbu.

Maji ni mtihani wa pili. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Robo yake, inayopaswa kubadilishwa kila juma, haifiki lita 14, yaani mtungi mmoja wa lita 20 wa muuza maji unatosha na kusaza. Maji ya mfereji yana klorini. Yaachwe wazi ndani ya beseni kwa saa 24 kabla ya kutiwa. Tena maji ya mfereji ya Nairobi, yanayotoka kwa wingi katika milima ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini, ni laini, ilhali mbuna ni wa ziwa lenye maji magumu yenye nguvu ya chokaa. Vipande vya matumbawe au maganda ya kombe chini ya tangi husaidia kuyarekebisha polepole. Na yale maji machafu yanayotolewa yasimwagwe. Kibera imesifika kwa bustani za magunia, ambamo sukuma wiki huota ubavuni mwa gunia la udongo. Maji yaliyokaa na samaki ni mbolea tayari.

Kuhusu baridi sitasema mengi. Mbuna hutaka nyuzi 24 hadi 27. Julai ya Nairobi haiwapi hizo, na umeme ukikatika hita huzimika. Yule kijana wa Kawangware hulivika tangi blanketi kuukuu usiku, akaacha upande mmoja wazi ili hewa iingie, na mpaka sasa samaki wake wapo.

Wakilishwa hivyo, vitoto hufikia sentimita tatu hivi kwa miezi mitatu. Hapo ndipo rangi huanza kusema. Kizazi cha kwanza cha mahuluti aghalabu hufanana wao kwa wao, wakiwa katikati ya baba na mama au wakimwelemea mmoja. Kizazi cha pili, wakizaana wenyewe, na mahuluti hawa kwa kawaida huzaa bila shida, hutawanyika: huyu wa manjano, yule wa chungwa, mwingine wa rangi ambayo hakuna babu aliyekuwa nayo. Sheria ambazo Mendel alizipata kwa kupanda njegere, mwanafunzi wa Kibera anaweza kuziona zikiogelea.

Sasa nirudi kwa muuzaji, maana hakuwa mjinga. Ana hoja, na hoja yake ina ushahidi hapa hapa nchini. Ziwa Naivasha liliingiziwa perege wa mito ya mashariki, Oreochromis spilurus, mwaka 1925. Mwaka 1956 wakaingia tilapia wengine, miongoni mwao Oreochromis leucostictus. Hawa na wale wakazaana, mahuluti wakajaa ziwani katika miaka ya 1960, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 yule perege wa kwanza hakuonekana tena. Katika Ziwa Viktoria mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ngege halisi, Oreochromis esculentus, ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa mezani mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyavu za kisasa zilizoanza kutumika mwaka 1905 zilimpunguza. Kisha katika miaka ya 1950 akaletwa tilapia wa Nili, aliyemnyang'anya malisho na pia kuzaana naye. Leo ngege halisi amejificha katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, huko Siaya. Lakini nenda soko la Toi umuulize muuza samaki anauza nini. Atakuambia ngege. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka, na aliyekalia kiti chake ni tilapia wa Nili, ambaye huenda hata hakutoka ziwani bali katika sanduku la barafu lililosafiri kutoka China. Kwa mtu wa isimu hili ni badiliko la maana la kawaida kabisa, la kuandikiwa tasnifu. Kwa ngege ni mazishi ambayo hayakutangazwa, kwa sababu hakuna aliyeona pengo sokoni.

Furu nao wana kisa chao. Walihesabiwa kuwa aina zaidi ya 500 katika ziwa moja. Mbuta alipoingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuongezeka ghafla katika miaka ya 1980, kiasi cha aina 200 zilitoweka; watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakiwachunguza furu huko Mwanza tangu mwaka 1977, waliyashuhudia maangamizi hayo. Mbuta hakuwa adui pekee. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakichafuka kwa mbolea na taka hadi mwanga ukapotea, jike hawezi tena kutofautisha dume mwekundu na dume wa buluu, na aina mbili zilizoishi jirani bila kuchanganyika huyeyuka zikawa moja. Ole Seehausen na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1997. Kwa hiyo muuzaji akisema mchanganyiko unaweza kuua, asikanushwe.

Lakini hadithi haikomi hapo, na sehemu iliyosalia muuzaji hakuijua. Ziwa Viktoria lilikauka. Liliporudi kujaa ilikuwa miaka 15,000 hivi iliyopita, muda ambao kwa viumbe ni kufumba na kufumbua. Aina zaidi ya 500 zilipatikanaje kwa muda mfupi hivyo? Mwaka 2017 watafiti waliosoma vinasaba vya furu walichapisha jibu lao: wazazi wa ukoo wote walikuwa mahuluti. Koo mbili zilizokuwa zimetengana tangu zamani sana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili, zilikutana na kuzaana, na katika mchanganyiko huo wa vinasaba kukapatikana malighafi ya maumbo, rangi na mataya ya kila namna. Kila furu "safi" aliyewahi kuchorwa kitabuni ni kitukuu cha ndoa ya mseto.

Basi mchanganyiko si laana wala si baraka kwa wenyewe. Naivasha ulimfuta perege kwa sababu ulifanyika katika maji yake, na humo hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Vitoto kumi na vinane vya Kibera havimfuti yeyote. Jamaa za mama yao na za baba yao wako majabalini Malawi, wala hawana habari. Kinachoweza kuleta madhara ni kimoja kati ya viwili: vitoto hivi kuuzwa kwa jina lisilo lao, au kutolewa tangini na kuingia majini. Muuzaji aliyeamuru wamwagwe alikuwa anaogopa la kwanza, huku akiagiza la pili.

Nichukue la jina kwanza, maana ndilo nililoulizwa. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Ila maneno yenyewe yana makovu. "Suriama" lina suria ndani yake, na kila alitamkaye humkumbusha mwenzake utumwa wa bibi yake. "Chotara" hutumiwa na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi bila ubaya, na ng'ombe chotara wa maziwa ni fahari ya mwenye zizi. Lakini likihamishiwa kwa binadamu hugeuka tusi, na darasani samaki na binadamu hawako mbali, kama sentensi ya yule mtoto ilivyoonyesha. "Mseto" ni neno jema lenye harufu ya mchele na pojo, ingawa tangu mwaka 2008 wanasiasa wamelivalisha suti ya serikali. Mimi napendelea "mahuluti". Lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuchanganywa, halijabeba dharau ya mtu yeyote, na tayari tunalitumia tunapozungumzia lugha na mitindo ya fasihi. Wanafunzi wanaozungumza Sheng mchana kutwa, wakichukua kitenzi huku na nomino kule, hawatashangaa kuambiwa kwamba mahuluti ana utaratibu wake.

Hata hivyo neno moja halitoshi. Ngege hakupotea kwa kukosa jina. Alipotea ndani ya jina. Kwa hiyo nilimshauri mwalimu abandike kwenye kioo karatasi yenye mistari mitatu: mahuluti, kizazi cha kwanza, mama Labidochromis caeruleus, baba anadhaniwa kuwa Maylandia estherae, walizaliwa darasani, mwezi na mwaka fulani. Neno "anadhaniwa" lisiachwe, kwa sababu hakuna aliyewaona wakizaana, na mtoto anayejifunza mapema kuandika "anadhaniwa" pale panapostahili amejifunza nusu ya sayansi. Penye neno "kabila" paandikwe "spishi". Yule aliyeandika kwamba hawana kabila asifutiwe sentensi yake kwa kalamu nyekundu. Aulizwe tu samaki anahitaji kabila la nini.

La pili ni la kumwaga. Kitoto kilichozaliwa na uti uliopinda, kisichoweza kuogelea wala kula, mwalimu anaweza kukikatiza mateso kwa upole na bila watoto kutazama, na hilo hutokea hata kwa samaki wa aina moja. Kizima hakina kosa la kulipia. Kukimwaga mtaroni kikiwa hai ni ukatili, na tena ni uzembe. Mitaro ya Kibera huingia mto Motoine, Motoine huingia Nairobi Dam, ukatoka kwa jina la Ngong, ukaungana na mto Nairobi, kisha Athi, hadi Sabaki na bahari karibu na Malindi. Njiani humo ndimo anamoishi perege Oreochromis spilurus, yule yule aliyepotea Naivasha. Mbuna pengine hangemaliza usiku mmoja katika baridi na uchafu wa Motoine, lakini mtu akishazoea kumwaga hatachagua; kesho atamwaga tilapia, na tilapia hafi upesi.

Vitoto vikizidi tangi, vigawiwe. Yule kijana wa Kawangware mwenye mawe juu ya paa ameomba sita. Atapewa akileta ndoo yenye kifuniko, na nakala ya ile karatasi itakwenda pamoja nao.